Ukitumbukia kwenye mto wa miamba, usisimame: uzi kuhusu Sagana, Mathioya na maji makali

Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimekuwa nikishuka maporomoko ya Mto Sagana, kafi mkononi, kwa miaka kadhaa, kwanza kama mgeni aliyelipa ada ya siku moja, kisha kama mwanafunzi wa kayaki (boti jembamba la mtu mmoja), na siku hizi kama msaidizi anayekaa ukingoni na kamba mkononi kuwasubiri wanaoanguka. Nimeuleta uzi huu kwa sababu kila kiangazi nayasikia maneno yaleyale kutoka kwa watu wanaoshuka kwenye magari: "Leo maji ni machache, kwa hiyo hakuna hatari." Maneno hayo hunitia hofu kuliko mafuriko ya Aprili, nami naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Kwa wasioufahamu, Sagana ndio Tana ukiwa bado kijana. Maji yake huteremka kutoka Mlima Kenya, hupokea mito inayotoka milima ya Nyandarua, hupita karibu na mji wa Sagana, takriban kilomita 100 kutoka Nairobi kwa barabara ya kwenda Nyeri, kisha huingia katika mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuanza ile safari ndefu ya nyanda za Garissa hadi Bahari ya Hindi kule Kipini. Msomaji wa Garsen au Hola aliyeuzoea Tana kama mto mpana, wa rangi ya udongo, unaojipinda polepole katikati ya migomba na miembe, hatautambua huku juu. Huku mto ni ngazi. Maji hutulia kidogo, hufika kwenye kizuizi cha mawe, huporomoka, hutulia tena. Mathioya, unaotoka Nyandarua na kuingia katika Tana, ni mwembamba zaidi na mkali zaidi, na mawe yake yamekaribiana kiasi kwamba boti kubwa la mpira hupita kwa kujipenyeza.

Maporomoko ya namna hii hupangwa kwa madaraja sita yanayotumika duniani kote: daraja la 1 ni maji yanayokwenda kwa upole, la 6 ni mahali ambapo hata mabingwa hutafakari kama inafaa kuingia. Daraja hueleza ugumu wa njia kwa mwenye boti. Halielezi yote yatakayompata aliyetoka nje ya boti, na hapo ndipo wengi hukosea.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa Februari. Mto ulikuwa umepungua, na mawe yaliyokuwa yamefichwa tangu mvua za vuli yalikuwa yamechomoza kama vichwa vya viboko. Tulikuwa sita, pamoja na kiongozi aliyekaa tezi, yaani nyuma ya boti. Kabla ya kuondoka alitupa maelezo mengi, na moja alilirudia mara tatu: ukianguka, lala chali, miguu itangulie mbele, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, na kamwe usisimame. Nilimsikia kwa masikio, lakini mwili wangu haukusikia. Katika mporomoko mdogo, ambao haukuzidi daraja la 2, boti letu liligonga jiwe kwa ubavu nami nikatoka nje kama gunia linaloporomoka kutoka mkokotenini. Maji yalinifika kiunoni tu. Nilipohisi mawe chini ya nyayo nilifanya kile ambacho binadamu yeyote hufanya: nilisimama. Hatua ya kwanza ilikuwa salama. Katika hatua ya pili mguu wa kushoto uliteleza na kuingia katikati ya mawe mawili, kiatu kikakaza kama kabari, na maji yaliyokuwa nyuma yangu yakaendelea na safari yake.

Hebu fikirini mwili ulivyoundwa. Maji yanasukuma nyuma ya magoti, mguu hauwezi kusonga, kwa hiyo kiwiliwili hakina pengine pa kwenda isipokuwa mbele na chini. Nilijaribu kunyooka nikashindwa. Nilikuwa nimeshika magoti kwa mikono yote miwili, uso wangu ukiwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye povu, na kila mapaja yalipotetemeka shubiri ile ilipungua. Jaketi la kuokolea maisha lilikuwa limefungwa vizuri kabisa kifuani, na halikunisaidia chochote, kwa sababu jaketi humwinua mtu anayeelea, nami sikuwa naelea. Nilikuwa nimeshonwa sakafuni mwa mto.

Kiongozi wetu alikwisha kuliingiza boti kwenye maji tulivu upande wa kushoto. Mwenzake wa kayaki alivuka na ncha ya kamba hadi ukingo wa kulia, wakaikaza kamba ikiwa chini yangu, upande maji yanakoelekea, kisha wakapanda nayo polepole hadi ikagusa kifua changu. Nikaiegemea. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ile kamba ya manjano iliyolowa. Nilipata pumzi, akili ikarudi, na kiongozi akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa niurudishe mguu nyuma, kwa njia ileile ulioingilia, badala ya kuuvuta mbele nilivyokuwa nikifanya. Mguu ulitoka. Kiatu kilibaki humo.

Tangu siku hiyo nimefanya hesabu nyingi za mambo haya. Nguvu ya maji haipandi sambamba na kasi yake. Kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Kwa makadirio, mtu aliyesimama huku maji yakimgonga kuanzia magotini hadi kifuani, eneo la kama robo tatu ya nusu mita ya mraba, maji yakienda mita 2 kwa sekunde, anabeba msukumo wa takriban kilo 75. Kasi ikifika mita 4 kwa sekunde, msukumo unafika kilo 300. Hakuna mtu anayesimama dhidi ya kilo 300, awe mwanariadha au mbeba mizigo wa sokoni, na maji hayachoki ili akapate nafasi ya kupumua.

Ndiyo maana nasema maji machache si maji salama. Mto ukijaa, mawe mengi hufunikwa na aliyeanguka hupita juu yake. Hatari inayobaki ni ya wimbi, umbali na baridi. Mto ukipungua, kila jiwe hurudi kazini. Miguu hufika chini, na kule kufika chini ndiko mtego wenyewe. Nafasi kati ya mawe, ambazo wakati wa mafuriko zilikuwa na maji mengi ya kupita juu, sasa hubaki kuwa chujio: maji hupenya, mtu hapenyi.

Jambo la pili ni kusoma mto. Ukiwa juu ya mporomoko, tafuta ulimi wa maji laini, wenye rangi ya giza, uliochongoka kuelekea kule mto unakokwenda. Huo ni mlango kati ya mawe mawili. Ukiona umbo lilelile limegeuka, ncha ikikutazama wewe unayekuja, kwenye ncha hiyo kuna jiwe. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna mahali ambapo maji hugeuka na kurudi juu polepole, nasi hupaita kivuli cha jiwe. Kwenye kivuli unaweza kusimamisha boti, ukahesabu watu, ukatazama kinachofuata. Mpigaji kafi mzuri haushuki mto kwa mkupuo mmoja. Hushuka kutoka kivuli hadi kivuli.

Na mtazameni jiwe usoni. Jiwe zima, lenye kifua, hulirudisha nyuma maji yanayoligonga, na pale mbele yake hujitokeza uvimbe wa maji kama mto wa kulalia. (Lugha yetu imetupa neno moja kwa mto wa maji na mto wa kichwa, na katika jambo hili nalifurahia sana.) Ukifika kwenye jiwe lenye mto huo, msukumo wenyewe utakuelekeza pembeni. Lakini ukiona maji makali yanaliendea jiwe na hakuna uvimbe wowote, maji yanaingia tu kimyakimya, basi jiwe hilo limeliwa chini. Maji yanapita chini yake, na kila kinachobebwa na maji kitafuata njia hiyo. Hilo ni la kukaa mbali nalo kabisa, hata kama mporomoko wenyewe ni mdogo kiasi cha kudharaulika.

Mti ulioanguka majini ni ndugu wa jiwe hilo. Matawi hupitisha maji na kumzuia mtu. Huu ndio wakati pekee ambapo ninawaambia wageni waache kulala chali: ukiona huwezi kuukwepa mti, geuka kifudifudi, uogelee kwa nguvu kuuelekea, na utakapoufikia ujitupe juu yake kwa kifua, kwa sababu anayefika kwa miguu hupelekwa chini yake.

Nimeandika mengi. Naomba wenye uzoefu wa mito mingine waongeze, na wenye maswali wayalete.

Mchangiaji wa 2, Jinja

Mleta uzi, nakushukuru kwa kusema jambo ambalo sisi wa Nile tulijifunza kwa kuumia. Nimekulia kwenye Mto Nile, hapa ambapo maji hutoka Ziwa Victoria yakiwa na joto la kupendeza, na ni mengi mno. Maporomoko yetu ni ya mawimbi makubwa. Boti likipinduka, mtu huvutwa chini, huzungushwa, hukaa humo sekunde ambazo kwake ni kama mwaka, kisha huibuka mbele kwenye maji mapana yaliyotulia. Kina kirefu humsamehe. Hata Itanda, ambao si mporomoko wa kuchezea, una sehemu zake za kina.

Nilipofika Sagana mara ya kwanza niliambiwa ni daraja la 3, nikacheka moyoni kwa sababu nilikuwa nimezoea la 5. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimegonga goti, kiwiko na helmeti. Nilizoea kusubiri mto unibebe, kumbe huku kila sekunde kuna uamuzi: kafi moja ya kushoto, mbili za kulia, simama kwenye kivuli, toka. Tangu hapo humwambia kila rafiki kwamba daraja la mto mpana na daraja la mto wa miamba hata likiwa na namba moja halimdai mtu jambo moja.

Niongeze huzuni yetu pia. Bwawa la Bujagali, lililoanza kazi mwaka 2012, liliyazamisha maporomoko ya Bujagali. La Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likafunika sehemu nyingine. Naelewa umuhimu wa umeme, kwa kuwa mimi pia nawasha taa jioni, lakini vijana waliojifunza kuogelea, kuongoza na kuokoa katika maji yale walilazimika kuhamia sehemu iliyobaki, na wengine kuacha kazi hiyo kabisa. Nyinyi wa Sagana mlio juu ya Masinga mna mporomoko ambao bado uko wazi. Uthaminini.

Mchangiaji wa 3

Naomba kuuliza kama mzazi na pia kama mwalimu. Nafundisha shule ya upili na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameomba safari ya Sagana. Zaidi ya nusu yao hawajui kuogelea. Je, niwakatalie? Na kama nitawapeleka, mimi nisiyejua lolote nitamtambuaje mwenye boti anayejua kazi yake?

Mleta uzi

Mwalimu, kutojua kuogelea peke yake si sababu ya kuwakatalia, ingawa naamini wakianza kujifunza kabla ya safari wataifurahia mara mbili. Katika maji makali hata muogeleaji hodari hutegemea jaketi. Kinachonipa wasiwasi ni mtoto anayeficha kwamba anaogopa. Waulizeni mmoja mmoja, faraghani, na anayesita abaki kwenye sehemu tulivu bila kuaibishwa na wenzake.

Kuhusu kumtambua mwenye kazi, tazama mambo machache kabla hata boti halijaguswa na maji. Jaketi lifungwe, kisha mtu mwingine alishike mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, halimfai mtoto huyo au halijakazwa. Helmeti ifunike paji la uso na isicheze anapotikisa kichwa. Viatu viwe vya kufunika vidole na visivyotoka, na kamba zake zisining'inie, kwani kamba ya kiatu inaweza kunasa kama tawi. Sandali zinazochomoka mguuni wakati wowote hazina kazi mtoni.

Kisha sikiliza maelezo ya kiongozi. Akiyamaliza kwa dakika tatu na kuanza kupiga picha, mrudishe mwanafunzi wako kwenye basi, hata kama mmeshalipa. Kiongozi mzuri atawaketisha wanafunzi kwenye boti likiwa bado nchi kavu, awazoeze amri hadi miili yao iitikie: mbele, nyuma, acha, chini. Atawaonyesha namna ya kushika kafi, kiganja kimoja kikiwa kimefunika kichwa cha mpini wakati wote, kwa sababu kichwa hicho kikiachwa huru kwenye msukosuko ndicho kinachovunja meno ya jirani. Kwenye maji tulivu atawatumbukiza kwa makusudi, waonje kulala chali na waonje kupandishwa: anayemwokoa hushika mabega ya jaketi, huegemeza magoti kwenye ubavu wa boti na kujiangusha nyuma, na mtoto huingia kama samaki.

Uliza pia ni nani yuko mbele na kayaki ya uokoaji, mifuko ya kamba za kuwatupia walioanguka iko mingapi na anaishika nani. Uliza maji ya leo yakoje ukilinganisha na ya jana. Asiyeweza kukujibu swali hilo la mwisho hajautazama mto asubuhi hiyo.

Na msije wakati wa mvua za masika bila kuzungumza naye siku ileile. Sagana panaweza kuwa na jua kali huku mlimani kunanyesha. Ukiona maji yaliyokuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa yanageuka kuwa mekundu, na majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, mto unapanda, nawe unapaswa kupanda ukingoni.

Mchangiaji wa 4, Mombasa

Nimesoma kwa makini. Mimi ni mtu wa bahari tangu utotoni, nimevua usiku na mchana, nami nilikuwa miongoni mwa wanaodhani kwamba aliyeshinda mawimbi ya kusi hawezi kusumbuliwa na mto wa kuvuka kwa mawe. Nashukuru kwanza kwamba mmeita chombo cha mkononi kafi, maana wengi huliita kasia kila kitu kinachosukuma maji. Lakini naomba nieleweshwe: kwa nini muogeleaji wa bahari ashindwe na povu la mtoni? Povu si maji tu?

Mleta uzi

Mzee wangu, swali lako ni zuri kwa sababu lina jambo kubwa ndani yake. Baharini wimbi husafiri na maji hubaki karibu na pale yalipokuwa. Ndiyo maana ukielea nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, wimbi hukuinua na kukushusha na kupita. Mtoni ni kinyume. Maji ndiyo yanayosafiri, na wimbi hubaki palepale, limesimama juu ya jiwe lake mchana na usiku. Kwa hiyo baharini unangoja wimbi lipite, lakini mtoni ukingoja, wewe ndiye unayepelekwa kwenye wimbi. Mazoea ya kungoja yanakuwa hatari.

Kuhusu povu, lile ni maji yaliyochanganyika na hewa nyingi, na mchanganyiko huo ni mwepesi kuliko maji matupu. Chochote kinachoelea huzama zaidi ndani yake, jaketi lako likiwa ni pamoja, na kiganja cha mkono hakipati kitu cha kushika. Nyuma ya jiwe ambalo maji yanalipita kwa juu na kuporomoka, maji ya juu hurudi nyuma kuelekea jiwe, na mtu anaweza kuzungushwa hapo kama nguo kwenye beseni. Anayepambana kuelekea mbele moja kwa moja huchoka bure. Mlango huwa pembeni, au chini kabisa ambako maji yanatoka, na muogeleaji hutafuta ukingo wa mzunguko huo badala ya katikati yake.

Ndiyo maana vizuizi vya zege vya kuinua maji ya umwagiliaji ni vibaya kuliko maporomoko mengi ya asili, hata vikiwa na urefu wa mita moja. Jiwe la asili lina pembeni. Ukuta ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo hauna pembeni, na maji huzunguka chini yake kwa upana wote wa mto. Ukiukuta, toka majini mapema, beba boti, uzunguke kwa miguu.

Mchangiaji wa 5

Naomba niseme neno kwa vijana wanaoutazama mchezo huu kama starehe ya watalii tu. Mbio za kayaki kwenye maji makali, zile za kupita milango iliyoning'inizwa juu ya mto, zilikuwemo katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, zikarejea Barcelona mwaka 1992, na mwaka 2008 kule Beijing Benjamin Boukpeti alishinda shaba kwa niaba ya Togo, medali ya kwanza ya nchi hiyo katika historia ya Olimpiki. Alizaliwa Ufaransa na huko ndiko alikojifunza, hilo ni kweli. Hata hivyo, milango myekundu ambayo mshindani lazima aipite akipanda dhidi ya mkondo huwekwa mara nyingi kwenye vivuli vile anavyovieleza mleta uzi. Mtoto wa Sagana anayeingia na kutoka kwenye kivuli cha jiwe kila siku baada ya shule anafanya mazoezi hayohayo, naye anachokosa ni kayaki na mwalimu.

Mchangiaji wa 6, Tana River

Kwetu chini tunasukuma mtumbwi kwa upondo, na sikujua kwamba maji haya tunayoyapata yakiwa yamechoka hivi yalianza na vurugu hizo. Swali langu ni kuhusu boti. Umesema boti lenu liligonga jiwe ukatoka. Mtumbwi wetu ukigonga gogo sisi huegemea upande wa pili ili tusianguke juu ya gogo. Nyinyi hufanyaje?

Mleta uzi

Ndugu yangu, umegusa kosa letu lenyewe la siku ile. Boti likibebwa kwa ubavu hadi kwenye jiwe, kila mtu hukimbia jiwe na kuegemea upande maji yanakotoka. Upande huo hushuka, maji huupanda, na ndani ya sekunde mbili boti limesimama kwa ubavu na kujikunja likilikumbatia jiwe. Kwa hesabu ileile ya juu, mita 2 za mraba za boti zikipigwa na maji ya mita 3 kwa sekunde hubeba msukumo wa takriban kilo 900. Watu sita hawawezi kulibandua kwa mikono. Ndipo hutafutwa kamba ndefu, kapi, na subira.

Kwa hiyo amri ni "jiweni!" Wote hujirusha kuelekea jiwe, walikumbatie ikiwezekana, ili upande wa maji uinuke na mkondo upite chini ya boti. Mara nyingi boti hujizungusha lenyewe na kuondoka. Mwili hukataa amri hii mara ya kwanza, kwa sababu jiwe ndilo linaloonekana kuwa adui. Sisi tulikataa kwa pamoja, upande wetu wa juu ukazama, na mimi niliyekuwa omo, yaani mbele, nikamwagika wa kwanza.

Mchangiaji wa 3

Nashukuru sana, nimeyaandika yote kwenye daftari la safari. Swali langu la mwisho: ikiwa mwanafunzi ameanguka na ametupiwa kamba, afanye nini nayo? Nisingependa aipate kisha asijue matumizi yake.

Mleta uzi

Mwalimu, wafundishe hili wakiwa uwanjani, kwa kamba ya kawaida, kabla ya kufika Sagana. Mtupaji ataita kwanza ili watazamane, kisha atarusha. Mwanafunzi ashike kamba yenyewe, asishike mfuko, kwa sababu huenda ndani ya mfuko kuna kamba nyingine ambayo haijatoka. Aishike kwa mikono yote miwili kifuani, na asiizungushe kamwe kwenye kiganja wala kifundo cha mkono, maana kamba iliyozungushwa haiwezi kuachiliwa inapohitajika kuachiliwa.

Alale chali, kamba ipite juu ya bega lililo mbali na ukingo anakovutwa, miguu ikitazama kule mto unakokwenda. Akishika hivyo, maji yatapita pande zote za kichwa chake na kumwachia nafasi ya kupumua mbele ya uso, na mkondo wenyewe utamsukuma ukingoni kama mlango unaojifunga kwenye bawaba. Asijivute kwa kupanda kamba mkono kwa mkono. Ashikilie tu.

Atakapokaribia ukingo ataona mawe ya chini waziwazi, maji yatakuwa ya magotini, na kila kitu mwilini mwake kitamwambia ainuke. Mwambie asubiri hadi makalio yaguse changarawe, ndipo asimame.